James Brown kwa mkupuo: mkusanyiko upi uchukue, upi uuache dukani

Anayetaka kumjua James Brown, mwimbaji wa Marekani wa soul na funk, leo hasumbuliwi na uhaba, anasumbuliwa na wingi. Alitoa singo yake ya kwanza 1956, akafariki siku ya Krismasi ya 2006, na tangu wakati huo hadi leo mikusanyiko ya nyimbo zake imemwagika sokoni bila mpangilio: ya CD moja, ya mbili, ya nne, ya maadhimisho, na ile ya bei chee yenye jina la kampuni usiyowahi kuisikia. Kwa nje yote inafanana. Jasho, kipaza sauti, nywele zilizotiwa dawa zikang'aa. Ndani tofauti ni kubwa kiasi kwamba watu wawili wanaweza kununua "bora za James Brown" siku moja, kila mmoja akarudi nyumbani na mwanamuziki wake.

Ninayoilinganisha hapa ni ile inayostahili pesa ya mtu: 20 All-Time Greatest Hits! (1991, CD moja), The 50th Anniversary Collection (2003, CD mbili), kasha la Star Time (1991, CD nne), In the Jungle Groove (1986), na mitatu iliyotoka pamoja 1996 kwa kugawana miaka yake ya funk, yaani muziki wake wa mdundo wa kukazania. Mwishoni nitagusa ule mfululizo wa singo zote, kwa wale ambao hali yao imeshakuwa mbaya.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema: kwa James Brown usihesabu nyimbo, hesabu dakika.

Kwa nini dakika

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 huyu alikuwa mwimbaji wa nyimbo zenye umbo la kawaida: beti, kiitikio, beti, kwisha. "Please, Please, Please" ya 1956 ni wimbo wa kulilia mapenzi, na "Try Me" ya 1958, iliyomfikisha namba moja kwa mara ya kwanza kwenye chati ya R&B ya Marekani, ni hivyo hivyo. Dakika mbili na nusu zinazitosha. Halafu kati ya 1964 na 1967 kila kitu kikahama. Gitaa likaacha kumsindikiza mwimbaji likaanza kukwaruza mdundo, tarumbeta na saksafoni zikawa zinapiga mikato mifupi kama dramu, na uzito wote ukawekwa kwenye pigo la kwanza la kila mzunguko. Ukifika "Cold Sweat" ya 1967, aliyoitunga pamoja na mpiga saksafoni Pee Wee Ellis, wimbo karibu hauendi popote. Unakaa pale pale, na bendi nzima inachimba.

Muziki wa namna hiyo unahitaji muda wa kuchemka. Lakini ulikuwa unauzwa kwenye sahani ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, ambazo upande mmoja hubeba dakika tatu, nne ukibana sana, na redio nazo hazikutaka zaidi ya hapo. Kwa hiyo wimbo mmoja ulikatwa katikati: sehemu ya kwanza upande A, sehemu ya pili upande B. Aliyekulia nyumba yenye santuri za dansi au za rumba ya Kongo haelezwi hili mara mbili. Upande A una maneno na kisa cha mapenzi, upande B ndiko liliko chemko, na anayejua mambo hugeuza sahani kabla sindano haijafika katikati. Sasa mtu akuandalie mkusanyiko wa bendi unayoipenda kwa kuchukua upande A peke yake wa kila santuri. Mikusanyiko mingi ya James Brown imetengenezwa hivyo hasa.

Hesabu ni nyepesi. CD moja hubeba dakika 74 hadi 80. Ukiweka nyimbo 20 humo, kila mmoja unapata chini ya dakika nne. Nyimbo 50 kwenye CD mbili ni dakika tatu tatu. Star Time ina nyimbo 71 kwenye CD nne, karibu saa tano, yaani dakika nne na ushee kwa wastani, na kwa kuwa CD ya kwanza imejaa nyimbo fupi za zamani, zile za baadaye zinapata nafasi ya kujinyoosha. In the Jungle Groove ina vipande tisa tu kwa muda wa saa moja hivi. Saba kwa kila kimoja.

CD moja, na CD mbili

20 All-Time Greatest Hits! ilitolewa na Polydor mwaka uleule wa Star Time, kwa ajili ya mtu mwenye haraka. Ina zile zinazojulikana hata na asiyejua anaimba nani: "I Got You (I Feel Good)", "Papa's Got a Brand New Bag", "Sex Machine", "It's a Man's Man's Man's World". Sina ugomvi nayo. Kuna nyimbo zake ambazo hazipotezi chochote zikiwa fupi, kwa sababu zilizaliwa fupi. "I Got You", iliyofika namba tatu kwenye chati ya pop na kuwa ndiyo ya juu kuliko zote alizowahi kupata huko, haifiki hata dakika tatu na haihitaji sekunde ya ziada. "It's a Man's Man's Man's World" ya 1966 nayo imekamilika kama ilivyo, vinanda vyake vya nyuzi na vyote. Kwa gari, kwa sherehe, kwa MC anayetaka kuwainua wazee vitini kabla ya keki kukatwa, CD hii inatosha, tena inazidi kutosha.

Inapopungukiwa ni pale funk inapoanza. Unasikia wimbo, bendi imepata moto, mwili umeanza kukubali, mara sauti inafifia na wimbo mwingine unaingia. Hapo ndipo upande B ulipotakiwa kuanza.

The 50th Anniversary Collection ni jibu la wale wanaoona 20 ni chache. Hesabu ya jina lake ina utani kidogo: singo ya kwanza 1956, mkusanyiko 2003, miaka hiyo ni 47. Mkusanyiko wa maadhimisho ya miaka 40, JB40, ulitoka 1996 na hesabu yake ilikuwa sawa kabisa. Nadhani miaka saba baadaye waliokuwa na haraka ni wauzaji. Tuache hilo. Faida ya huu wa CD mbili ni upana. Unapata kijana wa miaka ya 50 anayepiga magoti, unapata wa 1968 anayesimamisha kwaya ya watoto iitikie kwamba ni weusi na wanajivunia, unapata baba wa funk wa miaka ya 70. Kama unataka kujua mtu huyu alipita wapi na wapi, bila kukaa sana popote, ndiyo huu.

Lakini ugonjwa ni uleule. Nyimbo zimeongezeka, muda wa kila moja haukuongezeka, umepungua hata. Ukiniuliza kati ya hizi mbili, ningechukua ya CD moja na kuiweka akiba tofauti ya bei, maana mtu wa kujua juu juu 20 zinamtosha, na anayetaka kuzama 50 za vipande hazimfikishi kina.

Star Time

Hapa nakaa zaidi.

Kasha hili lilitoka 1991, miezi michache baada ya James Brown kutoka gerezani. Alikuwa amehukumiwa Desemba 1988, akaachiwa kwa masharti Februari 1991. Jina lake la muziki wakati huo lilikuwa limechakaa. Vichekesho vya televisheni vilimjua kuliko maduka ya muziki. Kwa upande mwingine vijana wa hip hop walikuwa wanaishi kwa kunyofoa vipande vya rekodi zake, wengi bila kumtaja. Kasha likaja kama hati ya umiliki. Kijitabu chake, chenye maelezo yaliyoandikwa na watu waliomjua na kuichambua kazi yake kama Cliff White, Harry Weinger, Alan Leeds na Nelson George, kilipata tuzo ya Grammy ya maelezo bora ya albamu mwaka 1992. Jina lenyewe limetolewa kwenye tangazo la mshereheshaji Fats Gonder pale ukumbi wa Apollo, New York, 1962, alipokuwa akimkaribisha jukwaani.

CD nne zimepangwa kwa miaka. Ya kwanza inaanzia Federal, tawi la kampuni ya King ya Cincinnati, na wimbo ule wa 1956 ambao bosi wa King, Syd Nathan, hakuupenda hata kidogo. Ya pili inashika miaka ya kugeuka, 1965 hadi 1969. Ya tatu ni moto mtupu. Ya nne inaanzia mwanzo wa miaka ya 70 na kuishia 1984, "Unity", aliyoiimba na Afrika Bambaataa.

Kilichowezesha yote kukaa kwenye kasha moja ni mambo ya mikataba, na ni vizuri mnunuzi ayajue kwa sababu ndiyo yanayoeleza kilichomo na kisichokuwamo. Mwaka 1971 James Brown alihamia Polydor na rekodi zake za King zikaenda huko pia. Hata "Out of Sight" ya 1964, aliyoitoa kupitia kampuni ya Smash kwa kumzunguka Nathan hadi wakafikishana mahakamani, imo. Ila "Living in America", ile ya filamu ya Rocky IV iliyofika namba nne kwenye pop, haimo. Ilitolewa na Scotti Brothers, kampuni nyingine. Kama ulimjua James Brown kupitia wimbo huo, na wapo wengi, usije ukalipia CD nne ukautafuta hadi usiku. Uko kwenye albamu yake Gravity ya 1986.

Kilichonifanya nilipende kasha hili ni CD ya tatu. Machi 1970 bendi yake iligoma, imechoka na faini. Huyu bwana alikuwa anawatoza wanamuziki faini kwa noti iliyokosewa, kwa kuchelewa, kwa viatu visivyong'aa. Akawatuma watu Cincinnati wakawalete vijana wa bendi ndogo ya The Pacemakers kwa ndege, wakapanda jukwaani naye huko Columbus, Georgia. Kati yao walikuwamo ndugu wawili, Phelps "Catfish" Collins kwenye gitaa na William "Bootsy" Collins kwenye besi. Bootsy alikuwa na miaka 18. Mwezi uliofuata, Nashville, wakarekodi "Sex Machine". Walikaa naye mwaka mmoja hivi tu, lakini "Super Bad" na "Soul Power" ni za kipindi hicho hicho, na ukizisikiliza mfululizo, zikiwa nzima, unasikia kabisa kwamba uzito wa wimbo umehama kutoka kwa kundi la wapulizaji ukaenda kwenye vidole vya huyo kijana wa besi. Kwenye mkusanyiko wa vipande huwezi kulisikia hilo. Wimbo unakatwa kabla besi haijamaliza sentensi yake.

CD ya nne ina utajiri wake mwanzoni. "The Payback" ilikusudiwa kwa filamu, Hell Up in Harlem, waandaaji wakaikataa. Ikaenda kwenye albamu yake ya mwishoni mwa 1973 na ikawa kati ya kazi zake kubwa kuliko zote. Huyu ndiye James Brown aliyekwenda Kinshasa Septemba 1974 kwenye tamasha la Zaire 74, kabla ya pambano la Muhammad Ali na George Foreman, jukwaa moja na akina Franco na TPOK Jazz, Tabu Ley na Miriam Makeba. Usitegemee kuusikia usiku huo ndani ya Star Time. Kwa hilo itafute filamu ya Soul Power iliyotoka 2008. Baada ya 1975 CD hiyo inalegea. Disko limeingia, na yeye anakimbizana nalo badala ya kukimbizwa. Mimi huizima kabla haijaisha, sioni aibu.

Kasoro nyingine: ni saa tano, na CD ya kwanza itamchosha aliyekuja kwa ajili ya funk. Anayependa sauti ya kulia na kubembeleza, "Lost Someone" na "Prisoner of Love", atakaa hapo hapo asihame.

Vipande tisa

In the Jungle Groove si mkusanyiko wa maisha yote. Unashika 1969 hadi 1971 tu, na kwa mtu anayehesabu nyimbo utaonekana kama wizi. Kwangu ndio wa kwanza kununua baada ya zile za utangulizi, na kwa baadhi ya watu ndio wa kwanza kabisa.

Ulipotoka 1986, "Funky Drummer" ilikuwa singo ya zamani ambayo haikuwahi hata kuingia kwenye albamu. Ilirekodiwa Novemba 1969 huko Cincinnati na kutolewa mwaka uliofuata, ikafika namba 20 kwenye R&B na kusahauliwa. Katika mkusanyiko huu ilikuja nzima, dakika zaidi ya tisa. Ndani yake, baada ya dakika tano za kawaida, James Brown anawaambia wenzake wamwachie mpiga dramu. Clyde Stubblefield anabaki peke yake, hafanyi mbwembwe, anaendelea tu na kile alichokuwa akikipiga, na sekunde hizo chache zikaja kuwa kati ya sauti zilizonyofolewa zaidi katika historia ya muziki. Public Enemy wamo, LL Cool J yumo, na mamia ya wengine wa hip hop. Stubblefield hakuwa na haki ya utunzi, kwa hiyo hakupata mrabaha kwa hayo yote hadi anafariki 2017. Waandaaji walijua wanachokifanya: waliweka na kipande cha ziada cha mdundo huo peke yake, ukizungushwa, kama zawadi kwa ma-DJ.

Kipande kingine ni "Give It Up or Turnit a Loose". Toleo hili liliwahi kutoka kwenye albamu ya Sex Machine ya 1970, likiwa limepakwa kelele za watu na mwangwi ili lionekane limerekodiwa ukumbini. DJ Kool Herc alilipiga kwenye zile tafrija za Bronx ambako hip hop ilizaliwa, kelele na yote. Jungle Groove imefuta rangi hiyo, na kilichobaki ni bendi ikiwa studio, kavu, karibu na sikio. Tofauti inashtua.

Hasara yake ni wazi. Hakuna "Please, Please, Please", hakuna "I Got You", hakuna wimbo wa taratibu hata mmoja. Ukimpa zawadi mama mkwe, umejitakia.

Wimbo uleule, mahali tofauti

Chukua "Papa's Got a Brand New Bag". Ilirekodiwa Februari 1965 kwenye studio za Arthur Smith huko Charlotte, North Carolina, bendi ikiwa safarini, imechoka, kwa muda usiofika saa. Kabla ya kutolewa, utepe uliharakishwa kidogo na mwanzo wake ukakatwa. Hilo ndilo toleo la dakika mbili lililomo kwenye 20 All-Time na kwenye mikusanyiko karibu yote, na ndilo lililopata Grammy. Star Time inalo hilo, lakini pia ina ule mkanda wenyewe kama ulivyorekodiwa: mwendo wa polepole, sauti nzito zaidi, dakika karibu saba, na kabla bendi haijaanza James Brown anasikika akitangaza kwamba hiki ni kibao. Kisha Maceo Parker anaachiwa saksafoni apige mpaka atosheke. Mara ya kwanza utadhani mashine yako imeharibika. Ukizoea, lile fupi litakuwa linasikika kama mtu anayekimbilia basi.

"Sex Machine": kwenye mikusanyiko mingi mifupi, sehemu ya kwanza tu. Star Time, sehemu zote mbili zikiwa zimeunganishwa, dakika tano na ushee. Kwenye Funk Power 1970, ule wa kati katika ile mitatu ya 1996, unapata rekodi za kipindi hicho bila kukatwa, pamoja na utani wa studio.

Na hiyo mitatu? Foundations of Funk unachukua 1964 hadi 1969 kwa CD mbili, Funk Power mwaka 1970 peke yake kwa CD moja, Make It Funky 1971 hadi 1975 kwa CD mbili. Jumla CD tano kwa miaka 12. Kwa mwanafunzi wa funk hii ni bora kuliko Star Time, nalisema bila kusita. Wakati kasha linakupa wimbo na kusonga mbele, hii inakupa wimbo, maandalizi yake na mabaki yake. Kwa asiye mwanafunzi ni nyingi mno. Ukichukua mmoja tu, chukua ule wa 1964 hadi 1969, kwa sababu humo unaona funk ikitengenezwa hatua kwa hatua, na miaka inayofuata utaipata vizuri kwenye Jungle Groove.

Kwa wa taratibu, na kwa wagonjwa

Mpenzi wa soul ya miaka ya mwanzo, yule ambaye funk inamwumiza kichwa, hana haja na zaidi ya nusu ya haya. Roots of a Revolution inakusanya kazi za kabla ya mageuzi ya 1965 na itamfaa. Hata hivyo, kama pesa ni ya kitu kimoja, ningemwambia aache mikusanyiko yote achukue Live at the Apollo, iliyorekodiwa 24 Oktoba 1962. Syd Nathan alikataa kulipia, James Brown akalipa mwenyewe. Albamu ikafika namba mbili kwenye chati ya Billboard na kukaa kwenye orodha wiki 66. Ndani yake "Lost Someone", ambayo kwenye singo ni wimbo wa kawaida, inazidi dakika kumi, na wanawake wa ukumbini wanajibu kila neno. Kwa hiyo hata kabla ya funk, dakika zilikuwa ndiyo mtaji wake.

Wagonjwa wana The Singles, juzuu 11 zilizotolewa na Hip-O Select kati ya 2006 na 2011: kila upande A na kila upande B kwa mpangilio wa kutoka. Kazi ya kitaalamu, maelezo mazuri, na matoleo yalikuwa ya idadi ndogo, kwa hiyo sasa bei hupanda. Lakini kwa kuwa inaheshimu singo kama zilivyouzwa, nyimbo zinarudi kuwa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Aliyemaliza pesa yote kununua kila kitu anajikuta tena anageuza sahani.

Kwa hiyo, kwa mkato: sherehe na gari, 20 All-Time. Prodyuza anayetafuta biti na DJ, Jungle Groove kabla ya kitu kingine chochote. Anayetaka mtu mzima, maisha yake yote, na yuko tayari kukaa chini asome kijitabu huku anasikiliza, Star Time, na kwa huyo sioni mshindani. Huo wa nyimbo 50 ningeuchukua nikiukuta kwa bei ya CD moja.

Ukisikiliza mtandaoni, bando lisiishie kwenye kubahatisha. Angalia urefu wa wimbo kabla ya kubonyeza. "Sex Machine" ikiandikwa chini ya dakika tatu, umepewa upande A. "Funky Drummer" isiyofika tisa si ile ya Jungle Groove. Na ukiwa dukani au kwenye meza ya mitumba, geuza kava usome kwa nyuma. Kama hakuna Polydor wala Universal, hakuna miaka ya kurekodiwa, na kwenye kona kuna herufi ndogo zinazosema nyimbo zimerekodiwa jukwaani, basi mara nyingi ni maonyesho ya miaka ya 80, bendi ikikimbiza vibao vyote vya zamani kwa mwendo wa kumaliza kazi. Picha ya mbele huwa ya 1966. Irudishe ulipoikuta.